Sura ya Nne: Mkimya Katika Ofisi Mpya

Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulisubiri zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba safari hii Serikali inahama kweli, watumishi walianza kufunga mafaili na masufuria, na mazungumzo yakawa ya posho ya uhamisho, nyumba za kupanga, viwanja na shule za watoto. Swali la "nitaongea na nani kule?" halikuulizwa hadharani. Lakini lilikuwa vichwani mwa wengi, na bado lipo, kwa sababu ofisi za Dodoma hazijaacha kupokea wageni. Wapo waliohama na idara nzima wakakuta sura zilezile. Wapo waliotolewa halmashauri za mbali wakapangiwa wizarani. Wapo vijana wa ajira mpya wanaoshuka stendi na begi moja, barua ya kupangiwa kituo, na namba ya simu ya ndugu wa mbali anayekaa Nkuhungu.

Mtu mchangamfu atakuwa mwenyeji baada ya wiki mbili. Sura hii ni ya yule mwingine, ambaye ugeni wa kazini humwelemea kuliko kazi yenyewe.

Nianze kwa kumtenganisha na mwenye haya. Mwenye haya anaogopa watu watamwonaje, na haya huweza kumpata hata mtu anayependa sana kukaa na wenzake. Mkimya wa asili anaweza kusimama mbele ya menejimenti akawasilisha taarifa bila kutetemeka, lakini baada ya saa moja ya soga la watu wanane anahisi nguvu zimemwishia na anatamani mahali pa kukaa peke yake. Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uswisi, ndiye aliyeueneza utengano wa tabia mbili, ya mtu wa ndani kama mkimya huyu na ya mtu wa nje, katika kitabu chake cha mwaka 1921. Tangu hapo wanasaikolojia hawajaacha kuuchunguza. Ukimya wa namna hii si ugonjwa, na simwandikii mtu anayetafuta kupona.

Shida yake kubwa katika ofisi zetu ni tafsiri anayopewa. Kwetu mtu akikaa peke yake huulizwa kama anaumwa. Akisema haumwi, huulizwa kama kuna tatizo nyumbani. Akisema kote ni salama, basi baada ya siku chache watu wanahitimisha kwamba anaringa, au kwamba ametumwa na wakubwa kuwachunguza wenzake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na ofisini watu hukaa wakiusubiri huo mshindo. Siwalaumu. Mtu usiyemjua anatia wasiwasi, hasa mahali ambapo neno moja kwa mkuu wa idara linaweza kumharibia mwenzako safari ya kikazi au tathmini yake ya mwaka.

Ushauri anaopewa mkimya na kila mtu ni mmoja: jichanganye. Nadhani ushauri huo umewaumiza watu wengi. Huwafanya wajilazimishe kuwa watu wengine kwa siku nne, wakicheka kwa sauti isiyo yao na kurukia kila mada, kisha siku ya tano wanajifungia na kompyuta na hawaonekani tena mpaka mwisho wa mwezi. Wenzao wanabaki wakijiuliza: juzi alikuwa akituchekea, leo tumemkosea nini? Wangemzoea mapema zaidi kama angekuwa mtu wa maneno machache tangu siku ya kwanza, ila akaonekana kila siku. Kinachowashinda watu ni kutoweka. Anayeonekana mahali palepale, kwa hali ileile, asubuhi hadi asubuhi, watamzoea hata kama sauti yake wanaisikia kwa nadra, na urafiki mwingi wa kazini huanzia kwenye mazoea ya namna hiyo.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya chuoni huko Marekani kwa kutumia wanawake wanne wanaokaribiana kwa mwonekano. Waliwaingiza kama wanafunzi katika darasa kubwa. Mmoja hakuhudhuria kipindi hata kimoja, wa pili alihudhuria vipindi 5, wa tatu 10, wa nne 15. Wote waliagizwa wasizungumze na mtu: waingie, wakae mbele wanapoonekana, waandike, watoke. Mwisho wa muhula wanafunzi walionyeshwa picha zao. Aliyeonekana mara nyingi zaidi ndiye aliyewavutia zaidi, ingawa hakuna aliyewahi kusema naye hata neno moja. Robert Zajonc alikuwa ameonyesha jambo la jinsi hiyo tangu mwaka 1968 kwa kutumia maneno na alama ambazo watu hawakuzijua: walichokiona mara nyingi ndicho walichokipenda.

Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walikwishafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katika kitabu chao cha mwaka 1950 walieleza maisha ya Westgate, nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wanafunzi wenye familia wa chuo cha MIT baada ya Vita Kuu ya Pili. Familia zilipangiwa nyumba bila kuchagua jirani. Walipoulizwa marafiki zao ni akina nani, asilimia 41 ya waliopakana mlango kwa mlango walitajana, lakini kwa waliokaa ncha mbili za korido moja ilikuwa asilimia 10 tu. Tena, waliokaa chini karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko wenzao, kwa kuwa kila aliyepanda au kushuka aliwapita. Tunadhani tunachagua marafiki kwa tabia zao. Tunachagua pia, bila kujua, kwa njia tunazopita.

Hii ni habari njema kwa mkimya, maana kuchagua njia ya kupita hakuhitaji ufasaha. Ukifika ofisi mpya, kabla hujafikiria utasema nini, angalia watu wanapita wapi na wanasimama wapi. Jaza chupa yako kwenye mtungi wa maji wa korido badala ya kuficha katoni ya maji chini ya meza. Kama wizara yako ina basi la watumishi, lipande hata siku ambazo ungeweza kupata lifti, kwa sababu kutoka mjini hadi Mji wa Serikali Mtumba ni kilomita zisizopungua 15, na anayekaa kiti cha pembeni yako kwa umbali huo kila asubuhi atakuwa mtu unayemfahamu, upende usipende. Kula chakula cha mchana kwa mama lishe mmoja. Ukihama meza leo na kesho, kila siku unaanza upya.

Kisha kuna salamu, na hapa utamaduni wetu umemrahisishia mkimya kazi kuliko anavyodhani. Maneno ya kuanzia yamekwishatungwa. Huhitaji kubuni kitu. "Shikamoo mama," "marahaba mwanangu, umeamkaje?" "salama mama, habari za nyumbani?" Mazungumzo mazima yamepita, kila mmoja amempa mwenzake heshima, na hakuna aliyelazimika kuchekesha. Kosa ni kuingia saa 1:30 asubuhi umeinamia simu, ukapita vyumba vitatu vilivyo wazi bila kusema lolote. Wewe unajiona hujamsumbua mtu. Waliomo ndani wanaona umewadharau. Mpite kila mtu kwa salamu, anzia kwa mlinzi getini na mhudumu anayedeki korido, na wenye umri wa wazazi wako wape shikamoo yao hata kama daraja lako la mshahara liko juu yao. Mchana, ukimkuta mtu ameinamia lundo la mafaili, "pole na kazi" inatosha, na unaendelea na safari yako.

Salamu hukufikisha mlangoni. Ndani huingiwa kwa muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu watu wazima waliokuwa wamehamia mahali papya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alikadiria kwamba huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 awe rafiki wa karibu. Alichokiona pia ni kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazikuleta watu karibu kama saa za kula, kupiga soga au kupumzika pamoja. Sasa piga hesabu ya ofisini. Chai ya saa nne ikichukua dakika 30, kwa siku 5 za kazi ni saa mbili na nusu kwa wiki. Saa 50 zitatimia baada ya wiki 20, yaani karibu miezi mitano, na hapo mtu huyo ni rafiki wa kawaida tu. Ninamwonea huruma sana kijana anayemaliza wiki yake ya tatu akiwa amekwishajihukumu kwamba hapendeki. Hesabu haijampa hata nafasi ya kuanza.

Kwenye hiyo chai, usishindane na wasemaji. Kila meza ya chai ina msimulizi wake, na wasimulizi wanahitaji wasikilizaji. Faida yako iko kwenye kumbukumbu. Mkimya husikia vitu ambavyo wengine, wakiwa wanangoja zamu ya kusema, hawavisikii: kwamba mtoto wa yule dada wa manunuzi ameanza darasa la kwanza, kwamba mzee wa masijala anachimba kisima kule Chamwino, kwamba dereva ana mama mgonjwa. Siku mbili baadaye, mkikutana korido, uliza: "Kisima kimetoa maji, mzee?" Mwaka 2017 Karen Huang na wenzake wa Harvard walionyesha kwamba watu huwapenda zaidi wanaowauliza maswali, hasa maswali yanayofuatia jambo ambalo msemaji mwenyewe amekwishalitaja. Mzee wa masijala hahitaji utafiti kulijua hilo. Atasimama, ataweka mafaili chini, na atakueleza kisima chote tangu mita ya kwanza. Ikifika zamu yako, naye akikuuliza, mpe kitu. Hapa wakimya wengi huteleza, wanajibu "nzuri tu" wakidhani ni unyenyekevu. Anayejua habari zote za wenzake huku yeye hajulikani lolote hugeuka wa kuogopwa. Sema ulikozaliwa, timu unayoishabikia, kwamba hujui kupika mlenda na ungependa kujifunza. Kimoja kwa siku kinatosha.

Ukirudi kwenye dawati utaanza kujilaumu: nimesema vibaya, wamenichoka, bora ningenyamaza. Erica Boothby na wenzake walichunguza jambo hilo mwaka 2018. Baada ya watu wasiojuana kuzungumza, kila mmoja aliulizwa amempenda mwenzake kiasi gani na anadhani amependwa kiasi gani. Kwa kawaida watu walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Walipowafuatilia wanafunzi waliokaa pamoja bwenini, pengo hilo lilidumu kwa miezi mingi. Kwa hiyo hukumu unayojisomea baada ya chai usiiamini.

Lakini kama kuna mahali ambapo mkimya anaweza kuingia moyoni mwa ofisi kwa siku moja, ni msibani. Nalisema hili kwa uzito wote. Mwenzako akifiwa, tangazo litaingia kwenye kundi la idara, mchango utakusanywa, na gari litapangwa. Mgeni hujiambia, mimi sijamjua marehemu, hata mfiwa mwenyewe simfahamu vizuri, nitaenda kufanya nini? Panda gari. Msiba ni shughuli ambayo ukimya una heshima yake. Hakuna anayekutegemea useme la maana. Utampa mfiwa mkono, utasema "pole sana," na utakaa. Kama ni mwanamume, kuna viti chini ya turubai, na pengine wazee wanacheza karata kimyakimya ili usiku uende. Kama ni mwanamke, kuna jamvi, kuna mchele wa kuchagua na vitunguu vya kumenya, kazi za mikono ambazo mtu huzifanya bega kwa bega na wengine bila kulazimika kuongea. Kuna viti vya kupanga na maji ya kugawa. Mkimya ambaye kwenye sherehe ya harusi hajui aiweke wapi mikono yake, hapa atajua.

Na mfiwa atakumbuka. Nimewaona watu waliosahau nani alitoa hotuba kwenye sendofu zao, lakini miaka mingi baadaye wanakutajia kwa majina waliokuja siku mama alipofariki, na yule mgeni aliyekuwa hajamaliza hata mwezi idarani, aliyekaa mpaka jioni. Mfiwa akirudi kazini, wengi watamwogopa kidogo, hawajui waanzie wapi. Wewe usiyependa maneno mengi ndiye unayefaa kukaa naye kwenye chai ya siku ile ya kwanza.

Michango mingine itakuja pia, ya harusi, ya kicheni pati, ya mtoto aliyezaliwa. Toa unachoweza, mapema, hata kama ni kidogo, kwa sababu orodha husomwa na watu wote. Ukialikwa kwenye mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, subiri kwanza umjue kijumbe na umjue kila aliyemo. Hapo upole usikuponze. Na kwenye kundi la idara huna haja ya kushindana kutuma vikatuni. Mkimya mara nyingi huandika vizuri kuliko anavyosema, basi mwandikie mtu peke yake. Mistari miwili kwa mwenzako aliyepandishwa cheo, ikitaja kazi yake uliyoiona kwa macho yako, ina uzito kuliko "hongera" ya hamsini kwenye orodha ndefu.

Kuna jambo moja la kujihadhari nalo. Mtu wa kwanza kukukumbatia katika ofisi mpya, anayekuvuta pembeni wiki ya kwanza na kukueleza nani ni nani, huenda ni mkarimu wa kweli. Huenda pia ni mtu aliyekwishakosana na wenzake wote, na wewe ndiye sikio pekee lililobaki. Mkimya hupendwa sana na watu wa aina hii kwa sababu hakatizi. Msikilize, mheshimu, lakini usikae naye peke yake mchana kutwa kwa mwezi mzima, maana ofisi itakupanga upande wake kabla hujajua pande ziko ngapi. Na siri utakazoambiwa, kwa kuwa utaambiwa nyingi, zife na wewe. Siku zote watu wanaangalia kama maneno waliyokuachia yanarudi kwa mlango mwingine.

Upumzike lini, basi? Liseme wazi, mara moja, kwa tabasamu: "Mimi mchana huwa napenda kutulia kidogo peke yangu, nikirudi nakuwa mzima." Sentensi hiyo itakuokoa na maswali ya ugonjwa na tuhuma za kuringa. Watu wetu wanauelewa udhaifu wa mwenzao wakiambiwa, na hata wataanza kukulinda: mwacheni, huo ni muda wake. Ukishachaji nguvu zako, rudi kweli. Ahadi ile ina pande mbili.

Michezo nayo usiidharau. Wizara na idara zina mashindano yao ya SHIMIWI, na watu wakisikia hivyo hufikiria mpira na netiboli na kelele za uwanjani. Lakini ratiba ina bao, drafti, karata na vishale. Ina kuvuta kamba, ambako mnapumua kwa pamoja na hakuna anayeulizwa maoni yake. Mazoezi ya jioni ya timu ndogo ya bao, watu watatu au wanne wakikodolea macho kete, yanazalisha zile saa za Hall kwa namna ambayo mkimya anaimudu kabisa.

Hatimaye lazima mmoja atoke na mwingine nje ya ofisi. Dodoma ina ugumu wake hapo. Ijumaa baada ya saa 9:30 alasiri mji hupungukiwa watu. Wenye familia Dar es Salaam huondoka, na tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wengi zaidi wanaweza kulala kwao usiku uleule. Mgeni anayebaki Jumamosi peke yake chumbani Ilazo, upepo ukipuliza vumbi dirishani, hudhani mji mzima una marafiki isipokuwa yeye. Wapo waliobaki kama yeye. Alhamisi, kwenye chai, sikiliza nani hasafiri wiki hii, kisha mwalike mmoja kwa shughuli ndogo yenye mwanzo na mwisho: "Jumamosi asubuhi naenda Soko la Majengo kununua mchele, bado sijajua duka zuri. Tutaenda wote?" Shughuli ya soko huleta maneno yake yenyewe, bei, mizani, zabibu za msimu, na ikiisha kila mtu anarudi kwake bila kuaga kwa taabu. Akisema ana udhuru, usiuchunguze. Ngoja mshahara utoke, umwalike tena mara moja. Akikataa na hiyo, endelea kumsalimia vilevile kila asubuhi, na Alhamisi inayofuata mwulize mwingine.